Maisha ya Charles Darwin, na Swali la Imani

Jina la Charles Darwin hutajwa mara nyingi katika sharika zetu, na aghalabu hutajwa na watu ambao hawajapata kusoma habari zake hata ukurasa mmoja. Wengine humtaja kuwa adui wa Mungu, aliyeketi kwa makusudi na kalamu yake ili auangushe Msalaba. Wengine, nao ni Wakristo wema, husimulia kwa furaha ya kwamba alipokuwa kitandani karibu na kufa alitubu na kuyakana yote aliyoyaandika. Habari ya kwanza si kweli, na ya pili si kweli vilevile, nasi tutaonyesha sababu. Vijana wetu hufundishwa habari za mageuko ya viumbe katika shule za sekondari, kisha hurudi nyumbani wakiwa na swali: Je, mtu aweza kuyakubali hayo na bado akasimama kanisani kuikiri Imani ya Mitume bila unafiki? Mwinjilisti aulizwaye swali hilo yampasa kwanza amjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, nchi ya Uingereza. Baba yake, Robert Darwin, alikuwa tabibu mwenye mali, mtu wa mwili mkubwa, ambaye moyoni hakuwa na dini nyingi, ila hakupenda jambo hilo litangazwe. Mama yake, Susannah, alikuwa binti wa Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri aliyepigana na biashara ya watumwa. Naye alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa na umri wa miaka minane tu. Kijana alikua akipenda kuwinda, kukusanya wadudu na kutembea peke yake, wala walimu wake hawakuona kwake dalili ya ukuu wo wote.

Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kujifunza uganga kama baba yake. Siku zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa apasuliwapo, na Darwin alipoona mtoto akipasuliwa alikimbia nje, asirudi tena. Lakini katika mji ule alipata mwalimu mmoja ambaye twapenda msomaji alikumbuke jina lake, kwa maana vitabu vingi humpita. Ndiye John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Guyana, akapata uhuru wake, akakaa Edinburgh akifanya kazi ya kuchuna ndege na kuwajaza ili wasioze. Darwin alimlipa amfundishe kazi hiyo, akaketi naye mara nyingi kwa mazungumzo, akampenda. Ujuzi aliopewa na mtu huyo ndio uliomwezesha baadaye kuwaleta Uingereza ndege wa mbali wakiwa wazima wa manyoya.

Baba yake alipoona kwamba uganga umemshinda, akakata shauri awe kasisi. Basi mwaka 1828 Darwin akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kabla ya kukubali, alisoma kitabu cha maelezo ya Imani ili ajipime kama aweza kuyakiri yote kwa moyo mweupe, akaona yawezekana. Tena walimu waliomvuta kwenye elimu ya viumbe walikuwa makasisi wenyewe: John Stevens Henslow, aliyefundisha habari za mimea, na Adam Sedgwick, aliyefundisha habari za miamba. Hawa hawakuona haya kuhubiri asubuhi na kuchunguza mawe mchana. Henslow ndiye aliyempatia nafasi katika merikebu iliyobadili maisha yake.

Merikebu hiyo, Beagle, ilitweka tanga kutoka Plymouth tarehe 27 Desemba 1831, nayo haikurudi mpaka Oktoba 1836. Habari za safari hiyo zimejaza vitabu, nasi hatutazifuata zote. Twataja machache yanayogusa neno letu. Siku za kwanza Darwin alikuwa akiyataja maneno ya Biblia kama hukumu ya mwisho katika mambo ya mema na mabaya, hata maofisa wa merikebu wakamcheka. Huko Brazil aliwaona watumwa wakiteswa, akagombana na nahodha Robert FitzRoy. Nahodha alisema kwamba bwana mmoja aliwaita watumwa wake mbele yake akawauliza kama wataka uhuru, nao wakajibu kuwa hawautaki. Darwin akamwuliza kama anadhani jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani yo yote. Nahodha akawaka hasira, akataka kumfukuza asile naye tena mezani, ila baadaye akamwomba radhi.

Katika merikebu walikuwamo pia watu watatu wenyeji wa Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika, ambao FitzRoy aliwachukua katika safari iliyotangulia na kuwasomesha Uingereza, pamoja na mmisionari kijana, Richard Matthews. Mwezi wa Januari 1833 waliteremshwa pwani ili wawe mwanzo wa kazi ya Injili. Baada ya siku chache Matthews alionekana yu katika hatari ya kuuawa, vitu vyake vimeporwa, akarudishwa merikebuni. Darwin akaona kazi hiyo haitafaulu kamwe. Lakini alipofika Tahiti na New Zealand mwaka 1835 aliyaona matunda ya wamisionari kwa macho yake, na walipofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1836 yeye na FitzRoy waliandika pamoja makala ya kuwatetea wamisionari juu ya watu waliowasingizia. Makala hiyo ilichapwa katika gazeti la Kikristo la Afrika Kusini, nayo ni miongoni mwa maandiko ya kwanza ya Darwin kutolewa kwa watu wote. Wale wamdhanio adui wa Injili tangu mwanzo hawajasikia habari hii.

Katika visiwa vya Galápagos, mwezi wa Septemba na Oktoba 1835, aliona jambo lililomfuata mpaka nyumbani. Kila kisiwa kilikuwa na viumbe vyake, vinavyofanana na vya kisiwa cha jirani lakini si sawasawa. Wenyeji waliweza kumtazama kobe wakajua ametoka kisiwa kipi. Ndege wadogo alioleta, ambao mwenyewe alidhani ni wa makabila mbalimbali kabisa, walichunguzwa London mwaka 1837 na mtaalamu wa ndege John Gould, naye akatambua ya kuwa wote ni wa jamaa moja, ila midomo yao imetofautiana: huyu ana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu, yule mwembamba wa kudonolea wadudu. Darwin akajiuliza: kama kila namna iliumbwa peke yake pale ilipo, kwa nini ndege wa visiwa hivi wafanane na ndege wa bara la Amerika lililo karibu, wasifanane na wa visiwa vingine vya mbali vyenye udongo na jua lile lile?

Jibu alilolipata, baada ya kusoma mwaka 1838 kitabu cha kasisi Malthus juu ya kuongezeka kwa watu, si gumu kueleweka na mkulima. Viumbe huzaa wana wengi kuliko wawezao kupata chakula. Wana hao hawalingani. Huyu ana miguu yenye nguvu, yule ana macho makali. Wenye kufaa mahali walipo huishi na kuzaa, na wana wao hurithi ile tofauti. Mkulima hufanya hivyo kwa mkono wake atengapo hindi bora kuwa mbegu. Na mahindi yenyewe tunayoyala yalitokana kwa njia hiyo na majani ya mwituni huko Mexico, ambayo suke lake lilikuwa na punje chache tu. Darwin akasema kwamba asili yenyewe hufanya mteuo wa namna hii kwa muda mrefu mno, hata namna moja ya kiumbe ikagawanyika kuwa namna nyingi. Hakujua urithi hupitaje kutoka kwa mzazi hata kwa mwana. Jambo hilo lilivumbuliwa na mtawa, Gregor Mendel, katika bustani ya njegere ya nyumba ya watawa huko Brno, akalichapa mwaka 1866. Wala Darwin hakupata kulitambua.

Tarehe 29 Januari 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake. Baba yake alikuwa amemshauri amfiche mchumba mashaka yake ya dini. Darwin hakuweza kumficha. Akamwambia, na Emma, aliyekuwa Mkristo wa moyo, alihuzunika, ila akaolewa naye. Muda mfupi baada ya arusi alimwandikia mumewe barua, ingawa walikaa nyumba moja, kwa kuwa maneno mengine ni mepesi kuandikwa kuliko kusemwa. Alimwomba asiizoee mno ile desturi ya elimu ya kutokubali neno mpaka lithibitishwe, maana yako mambo yasiyothibitishwa kwa njia hiyo. Tena alimwambia hofu yake, kwamba wasije wakatengana milele. Darwin aliitunza barua hiyo maisha yake yote. Wasomaji wetu walio na mume au mke asiyeamini watajua uzito wake pasipo sisi kuueleza.

Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Downe katika jimbo la Kent, na hapo wakakaa mpaka mwisho. Walizaa watoto kumi. Watatu kati yao walikufa wangali wadogo, na kifo kimoja kati ya hivyo kilimvunja Darwin kuliko vingine vyote. Binti yake Annie alikuwa na umri wa miaka kumi, mtoto mchangamfu, aliyezoea kuchezea nywele za baba yake na kumtengenezea kola. Akaugua. Mwaka 1851 baba yake akampeleka Malvern kwa tabibu aliyetibu kwa maji, kwa sababu mwenyewe Darwin alikuwa mgonjwa wa tumbo wa siku nyingi na alidhani maji yale yalimsaidia. Emma alikuwa mjamzito karibu na kujifungua, akabaki nyumbani akingoja barua. Kwa siku kadhaa Darwin alikaa kando ya kitanda, akiandika kila siku hali ya mtoto, homa yake, kutapika kwake, vijiko vya uji alivyomeza, na maneno yake ya adabu kila aliponyweshwa maji. Tarehe 23 Aprili 1851 Annie akafa. Akazikwa Malvern. Baba yake hakuweza kungoja maziko. Alirudi kwa Emma.

Watu wengi hudhani kwamba ndege wa Galápagos ndio waliomtoa Darwin katika imani. Tukizitazama habari zake kwa uangalifu, twaona mambo mengine. Mwenyewe alieleza baadaye ya kwamba kutoamini kulimjia polepole mno, hata hakusikia uchungu. Lililomchukiza zaidi lilikuwa fundisho la adhabu ya milele, kwa kuwa baba yake, ndugu yake na rafiki zake wengi walikuwa hawaamini, naye hakuweza kukubali kwamba wote wamo motoni. Na nyuma ya hilo palikuwa na mateso ya viumbe. Huko alikozikwa Annie, twadhani, ndiko kulikozikwa na sehemu kubwa ya tumaini alilokuwa bado nalo, ingawa yeye hakusema hivyo waziwazi. Siku za Jumapili jamaa yake walikwenda kanisani, naye akaenda matembezi.

Mwezi wa Juni 1858 akapokea barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akichunguza viumbe katika visiwa vya mashariki, na ndani yake akayakuta mawazo yake mwenyewe aliyoyaficha kwa miaka ishirini. Siku hizo hizo mwanawe mchanga alikuwa akifa kwa homa nyekundu. Rafiki zake wakayapeleka maandiko ya wote wawili yasomwe mbele ya chama cha wataalamu London tarehe 1 Julai 1858, wala Darwin hakuwapo. Kitabu chake juu ya asili ya namna za viumbe kikatoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, na wauza vitabu wakazichukua zote zilizowekwa za kuuzwa.

Sasa tumefika penye neno lenyewe, nasi twaomba msomaji asiharakishe. Yasemwa kwamba Kanisa lote lilisimama kumpinga. Si hivyo. Wako waliompinga kwa nguvu: mwalimu wake Sedgwick alihuzunika sana, na Askofu Samuel Wilberforce akabishana na Thomas Huxley huko Oxford tarehe 30 Juni 1860, mkutano uliosimuliwa mpaka ukawa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Lakini kasisi Charles Kingsley, alipopewa kitabu kabla hakijauzwa, alimwandikia kwamba kumwaza Mungu aliyeumba viumbe vichache vyenye uwezo wa kukua na kugeuka ni wazo tukufu sawa na kumwaza Mungu aingiliaye kila mara kuziba mapengo. Darwin akaitia hoja hiyo katika chapa ya pili, Januari 1860, tena akaongeza jina la Muumba katika sentensi ya mwisho ya kitabu. Uaminifu watulazimu kusema pia ya kuwa mwaka 1863 alimwandikia rafiki yake Hooker kwamba alijuta kwa kutumia neno la Biblia ili kuwaridhisha watu.

Mtu aliyelichukua swali hili kwa uzito kuliko wote alikuwa Asa Gray, mwalimu mkuu wa elimu ya mimea katika Chuo cha Harvard huko Marekani, Mkristo aliyeikiri Imani ya Nikea bila kusitasita. Darwin alimweleza siri yake mwaka 1857, kabla ya ulimwengu kuijua. Mwaka 1860 Gray aliandika makala za kuonyesha kwamba mteuo wa asili haupingani na kumwamini Mungu mwenye makusudi, na Darwin mwenyewe akashughulika makala hizo zichapwe Uingereza mwaka 1861 na kupelekwa kwa watu. Wakaandikiana barua miaka mingi. Gray alisema Mungu huongoza njia ambayo tofauti za viumbe hupita. Darwin hakuweza kumfuata mpaka hapo. Alimwuliza habari za nyigu fulani anayetaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, na funza wake wakamla kiwavi angali hai. Akasema hawezi kuamini kwamba Mungu mwema aliye Mwenyezi alimkusudia nyigu huyo. Lakini pia hakuweza kuutazama ulimwengu huu na akili ya mwanadamu akasema vyote ni bahati tupu. Alikiri kwamba jambo hili ni la kina kumpita.

Na tulipime neno hili la nyigu. Je, ni mageuko yaliyomleta? Nyigu alikuwapo kabla ya Darwin, na wakulima wa kila nchi walimwona. Ayubu aliuliza swali lile lile juu ya majivu, wala hakuwa amesoma kitabu cho chote cha elimu ya viumbe. Mtu akikubali mageuko, swali la mateso halianzi hapo; akiyakataa, haliondoki. Gray na Darwin walitazama nyigu mmoja, kwa elimu moja, mmoja akaendelea kusali na mwingine akaacha. Basi elimu ile peke yake haikuwa ndiyo iliyoamua.

Wako Wakristo wenye akili waliofikiri vingine. Charles Hodge, mwalimu wa theolojia huko Princeton, aliandika mwaka 1874 kwamba fundisho la Darwin, kwa kuwa laondoa makusudi, ni sawa na kumkana Mungu, ingawa alikubali kwamba Darwin mwenyewe hakumkana. Miongoni mwa Walutheri pia hapana sauti moja: Sinodi ya Missouri katika tamko lake la mwaka 1932 ilishikilia siku sita za uumbaji kama zilivyoandikwa, na Walutheri wengi wa Ujerumani na nchi za Skandinavia hawaoni shida kulipokea fundisho la mageuko. Katika Kanisa la Uingereza, Frederick Temple alilikubali waziwazi katika mafundisho aliyoyatoa Oxford mwaka 1884, na baadaye akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Sisi twawaomba walimu wa Kipaimara waitazame Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani. Pale Luther hamfundishi mtoto kuanza na Adamu. Amfundisha kukiri kwamba Mungu ameniumba mimi, akanipa mwili na roho, macho na masikio. Na mtoto huyo ajua vema kwamba alizaliwa na mama yake, na mkunga ajua miezi tisa ilipitaje. Hapana mkunga aliyefukuzwa kanisani kwa kuujua mwendo wa mimba. Kama Mungu aweza kuniumba mimi kwa njia ya baba na mama na miezi tisa, nami nikamshukuru bila kudanganya, hatuoni kwa nini asiweze kuviumba viumbe vyote kwa njia ya miaka mingi. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, miaka zaidi ya elfu moja na mia nne kabla ya Darwin, alikwisha kuonya ya kwamba Mkristo asinene upuzi juu ya nyota na wanyama huku akidai ni neno la Maandiko, asije asiyeamini akacheka na kuyadharau Maandiko hata yanenapo habari za ufufuo.

Hatusemi ya kwamba magumu yamekwisha. Mtume Paulo amweka Adamu mbele ya Kristo katika Waraka kwa Warumi, na mifupa iliyogeuka mawe yaonyesha kwamba kifo kilikuwapo kwa wanyama zamani kabla ya mwanadamu. Mkristo akubaliye mageuko hana budi kuyafikiri hayo kwa bidii, wala asijifanye kama hayapo. Lakini ugumu wa kufikiri si sawa na kuikana imani, na kijana asiambiwe achague kati ya mwalimu wake wa elimu ya viumbe na ubatizo wake.

Tena asifundishwe kwamba Darwin alisema mtu ni mwana wa nyani. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 alisema mwanadamu na sokwe wana asili moja ya zamani sana, akakisia kwamba asili hiyo ilikaa Afrika. Wataalamu wengi wa siku zake hawakujali neno hilo. Mwaka 1959, miaka mia moja baada ya kitabu cha kwanza, Mary Leakey aliokota katika Bonde la Olduvai, kwetu Tanganyika, fuvu la kiumbe afananaye na mtu, la miaka kama milioni 1.75. Mumewe, Louis Leakey, alikuwa mwana wa wamisionari wa Kabete, Kenya.

Twarudi Downe. Huko Darwin aliishi kama mzee wa kijiji. Kasisi wa mahali, John Brodie Innes, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, ingawa walipingana karibu katika kila neno. Darwin alizoea kusema kwa mzaha kwamba siku moja walijikuta wamekubaliana, wakakodoleana macho, kila mmoja akidhani mwenziwe ni mgonjwa. Alitunza fedha za chama cha kuwasaidia maskini wa kijiji kupata makaa na nguo, na za chama cha kufaana, kwa muda wa miaka mingi. Mhubiri J. W. C. Fegan alipokuja kuwahubiri walevi wa Downe, Darwin alimpa chumba cha kusomea cha kijiji akitumie. Na aliposikia ya kuwa kazi ya Injili huko Tierra del Fuego, aliyodhani haitafaulu kamwe, ilikuwa imezaa matunda, alikiri kuwa alikosea, akatuma mchango wake kwa chama cha wamisionari wa Amerika ya Kusini.

Aliaminije mwisho? Alijibu alipoulizwa, wala hakupenda kuulizwa. Mwaka 1879 alimwandikia mtu mmoja kwamba kwake hapana shaka mtu aweza kuwa mcha Mungu wa bidii na tena mwenye kukubali mageuko, akawataja Kingsley na Gray kuwa mfano. Yeye mwenyewe hakupata kumkana Mungu kabisa, ila aliona kufaa zaidi kuitwa mtu asiyejua. Na mwaka 1880 alimjibu mwingine kwa masikitiko kwamba hakuamini Biblia kuwa ufunuo wa Mungu, wala Yesu Kristo kuwa Mwana wa Mungu.

Ndiyo sababu hadithi ya toba yake haitufai. Ilitolewa mwaka 1915 katika gazeti moja la Kibatisti huko Marekani, kwa maneno ya Lady Hope, mama wa Kiingereza aliyedai kumkuta Darwin kitandani akiisoma Biblia. Binti yake Darwin, Henrietta, aliyekuwapo siku za kufa kwake, aliandika mwaka 1922 kwamba mama huyo hakuwapo katika ugonjwa ule wa mwisho, na kwamba baba yake hakuyakana maneno yake wakati wo wote. Amri ya nane yawahusu wafu pia. Anayehubiri kwa hadithi hii, kijana akaja kuujua ukweli shuleni, atakuwa amemfundisha kijana huyo kutoamini na mengine anayoyasikia mimbarini.

Darwin alikufa nyumbani kwake tarehe 19 Aprili 1882, moyo wake umechoka, Emma amemshika. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu chake cha mwisho, juu ya nyungunyungu na jinsi wanavyoulima udongo. Alitumaini kuzikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji, lakini wakubwa wa nchi waliomba azikwe katika kanisa kuu la Westminster, London, nalo likakubali. Wakamzika tarehe 26 Aprili kwa ibada ya Kanisa, karibu na kaburi la Isaac Newton. Emma hakwenda London siku ile, alibaki Downe. Baadaye wanawe walipotayarisha habari za maisha ya baba yao aliomba yaondolewe maneno yake makali juu ya adhabu ya milele, yakaondolewa, na hayakuchapwa mpaka mwaka 1958, mjukuu wao Nora Barlow alipotoa maandiko yote kamili. Emma mwenyewe alikufa mwaka 1896, akazikwa uani mwa kanisa la Downe walikolala watoto wao wachanga wawili. Ile barua aliyomwandikia mumewe mwaka wa arusi yao ilikutwa imetunzwa, na Darwin alikuwa ameongeza juu yake kwa mkono wake maneno machache, kumjulisha mkewe kwamba mara nyingi aliibusu na kuililia.